Mama anakaa ukingoni mwa sofa, mke wangu anajilaza, mi niko katikati

Anti shikamoo,

Mi ni mwanaume wa miaka 36, nimeoa, tuna watoto wawili, wa kike ana miaka 7 na wa kiume 4, tunaishi Kimara hapa hapa Dar. Naomba jina langu usilitaje maana mke wangu na dada zangu wote wanakusoma. Jambo langu nikiwaambia marafiki wanaona dogo, wananiambia wenzio wanagombania viwanja we unagombania sofa, lakini Anti silali, naona mama ananitoka na ndoa inanitoka kwa wakati mmoja.

Iko hivi. Mwaka juzi mi na mke wangu tulitengenezesha sofa Keko, la L, fundi alitupigia kwa oda, fremu ya mninga, sponji nzito, kitambaa rangi ya ugoro. Lilitutoka milioni moja na laki nne, na zaidi ya nusu ya hiyo ilikuwa hela ya mke wangu ya mchezo aliocheza na wenzie saluni. Ana sehemu yake pale, ile kona ya L. Anasuka nywele Anti, anasimama kuanzia saa tatu asubuhi, akirudi saa mbili usiku miguu imevimba, anaoga, anavaa dera, anajitupa kwenye kona yake, mto kichwani, miguu mapajani kwangu, mi namkanda huku tunaangalia tivii tunaongea ya siku nzima. Ndo muda pekee tunaokuwa wawili maana watoto wanakuwa wameshalala.

Mwezi wa tatu mama yangu alikuja kutoka Tukuyu kutibiwa mtoto wa jicho. Ana miaka 68, mjane, na ndo mara yake ya kwanza kukaa kwangu zaidi ya wiki. Jicho moja limeshafanyiwa, la pili anasubiri tarehe. Sasa mama akikaa kwenye lile sofa anakaa ukingoni kabisa, kama mtu anayesubiri kuitwa jina kwenye dirisha la kadi, mgongo umenyooka, khanga imefunika magoti, mikono mapajani. Nimemwambia mara nyingi mama egemea, ananijibu niko sawa baba. Mwanzoni alikuwa anaomba mkeka ila daktari alimwambia asiinameiname na asinyanyue vizito mpaka jicho lipone, na akikaa chini mpaka umshike ndo anyanyuke, kwa hiyo mkeka nikaukunja nikauweka stoo, nikamwambia mama sofa lipo, kaa kwenye sofa.

Usiku mmoja alitoka chumbani anaenda chooni akatukuta vile, mke wangu kajilaza, miguu yake mi naikanda. Hakusema kitu. Akapita, akarudi, akafunga mlango. Kesho yake akaanza kuomba chakula apelekewe chumbani. Baada ya siku tatu shangazi yangu ananipigia simu kutoka Mbeya, eti nasikia umekaliwa huko, mwanamke anakuwekea miguu mbele ya mama yako na we unaikanda. Anti niliona aibu mpaka simu ikanitetemeka mkononi.

Nikamwambia mke wangu, jamani mama akiwepo kaa vizuri, unamvunjia mama heshima. Akaniangalia sana. Akaniambia kwani nikae wapi, jikoni? Nyumba yangu, sofa nimelitolea jasho, na mama nimempokea, nampikia, namweka dawa ya jicho kwa saa, bado miguu yangu ndo imekuwa tatizo? Akasema kama ni hivyo yeye ataenda kwao Pangani mpaka mama aondoke. Na kusema ukweli dawa anamweka yeye, mi hata saa zenyewe nasahau.

Halafu akanikumbusha la Pangani. Tulipoenda kwao mara ya kwanza baada ya ndoa nilikaa siku tatu. Wenzetu alasiri wanatandika mkeka barazani, mito imejaa, watu wananyoosha miguu, mama mkwe mwenyewe kanyoosha miguu anachambua mchele, mashemeji wananiita shemeji shuka huku. Mi nikang'ang'ania kiti, nimekaa wima siku tatu mpaka mgongo unauma, kwetu huwezi kujilaza ukweni. Baadaye nikaja kusikia kumbe walisema huyu mkwe ana maringo, anaona mkeka wetu mchafu. Mke wangu akaniambia mimi kwenu nikikaa nakaa kama sanamu na sijawahi kulalamika, sasa hapa napo ni kwenu?

Kingine ni binti yangu. Bibi yake anamwambia kila siku funga miguu, kaa kama mtoto wa kike, usikunje nne mbele ya wakubwa. Juzi mtoto akaniuliza baba mbona we Jumapili unalala kwenye sofa na bukta na bibi hakwambii? Nikakosa jibu. Ni kweli Jumapili mpira ukianza mi najilaza upande ule mrefu wa L na sijawahi kufikiria kama ni kosa.

Sasa mama anasema anataka kurudi Tukuyu, jicho la pili watafanya mwakani Mungu akipenda. Nimwambie mke wangu avumilie akae vizuri mpaka mama aondoke? Au nimwambie mama hapa ni kwangu na ndo tunavyoishi? Nimefikiria hata ninunue kochi dogo niweke chumbani, tukakae huko huko. Nisaidie Anti, mke wangu anamvunjia mama heshima na mi nampenda mke wangu.

Baba Wawili, Kimara

*

Marahaba mdogo wangu, pole.

Hao marafiki waliokwambia ni jambo dogo wasamehe, kila mtu anapima kwa mzigo wake. Sofa linakaa katikati ya nyumba, hakuna anayepita bila kuliona, na mtu anavyokaa juu yake ni kama anasema mbele ya wote mimi hapa ni nani. Kwa hiyo sikushangaa kuona watu watatu wazima wanaumia kwa ajili yake, na mtoto wa miaka 7 anauliza maswali.

Nikikuelewa vizuri, mama yako anaona mkamwana hana staha, mke wako anaona ananyimwa kupumzika nyumbani kwake, na wewe unaona mmoja lazima ashinde. Mara mbili umeniandikia kwamba mkeo anamvunjia mama heshima. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikiitafuta hiyo siku aliyoivunja, sijaipata. Mwanamke anayehesabu saa za dawa ya jicho la mama yako, anayempikia, amekutwa usiku saa ambayo watoto wamelala, akiwa kwenye kona yake aliyokuwa anakaa siku zote. Mi naona kilichobadilika ni sebule yenyewe. Kabla ya mwezi wa tatu ilikuwa chumba cha watu wawili waliochoka. Mama alipoingia ikawa sebule yenye mgeni, au labda sebule ya mama mwenye mji, na hakuna aliyekaa chini na mwenzie kusema sasa humu ndani tunaishije.

Mi nimekulia kwenye nyumba ya makochi ya vitambaa. Mama alikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, kimoja kila mgongo wa kochi, vidogo vya kwenye mikono, na kile kirefu cha meza, na Jumamosi vilifuliwa vikapigwa wanga. Sisi watoto tulikaa chini, kwenye jamvi, makochi yakiwa matupu nyuma yetu. Mgeni akiingia ndo yanakaliwa, na akitoka sisi tunaenda kunyoosha vitambaa. Hata baba mwenyewe alipokuwa peke yake alikaa kwenye kiti cha kamba uani. Kochi lilikuwa la kumpa mtu heshima, kupumzika ulipumzikia kwingine. Mama yako ana miaka 68, nadhani ananielewa ninavyosema kuliko wewe.

Na ukirudi nyuma zaidi watu wetu walikuwa hivyo hivyo. Pwani kulikuwa na kiti cha enzi, cha mpingo, mgongo umesimama wima, kimepambwa kwa pembe, kina na mahali pa kuwekea miguu, anakalishwa mgeni mkubwa. Ukikiona kwenye makumbusho utaelewa kwamba pale hata ukitaka kujilaza huwezi, kiti chenyewe kinakunyoosha. Na hao hao watu nje ya nyumba wana baraza, ndani wana mkeka na mito, na pale mtu anaegemea, ananyoosha miguu, anapiga soga mpaka magharibi, kama ulivyowaona wakwe zako Pangani. Nyumba moja, mikao miwili, na kila mkao ulikuwa na mahali pake. Sisi tumeleta sofa moja tukalipa kazi zote mbili, liwe kiti cha enzi na liwe mkeka. Mkeo analikalia kama mkeka. Mama analikalia kama kiti cha enzi. Wote wako sahihi mdogo wangu, na mkeka wenyewe wewe ndo uliukunja ukaupeleka stoo.

Sikulaumu, daktari alisema na ulifanya kwa upendo. Ila angalia kilichotokea. Mama alikuwa na mahali pake pa kupumzikia humo ndani, pakaondolewa, akapewa sofa ambalo kwake yeye si la kupumzikia. Tangu hapo amekuwa mgeni muda wote, asubuhi mpaka usiku, wiki baada ya wiki, kwa mwanae. Kuwa mgeni kunachosha sana, na hilo wewe unalijua, ulichoka siku tatu tu.

Halafu kuna jambo ambalo huenda hujaliwaza. Umeona mama anakaa ukingoni ukasema ni adabu. Inaweza ikawa ni goti. Masofa ya L ya siku hizi ni ya chini na yana kina kirefu, mtu mzima akirudi nyuma aegemee miguu inaning'inia, sponji inamzamisha, magoti yanakuwa juu kuliko nyonga, na kunyanyuka hapo bila kushikwa mkono ni kazi kwelikweli. Ukingoni ndo mahali pekee anapoweza kusimama mwenyewe. Mzee wa Tukuyu aliyezoea kulima hatakwambia mwanangu sofa lako linanishinda, hasa akijua mmelitolea hela nyingi. Atakwambia niko sawa baba.

Sasa la kukanda miguu. Mi nilipofika hapo kwenye barua yako nilifurahi kwa ajili ya huyo dada anayesimama kutwa nzima, nakwambia ukweli. Shangazi yako anasema umekaliwa, na neno hilo linamchoma mwanaume yeyote, ila jiulize, kabla ya ile simu ulikuwa unajiona umekaliwa? Au ulikuwa unajiona mume? Wakati huo huo jaribu kukaa kwa mama. Kwa Wanyakyusa wa zamani, watu wa huko kwenu Tukuyu, mkamwana na baba mkwe hawakuonana uso kwa uso, mkamwana akimwona njiani anapisha, anajificha kabisa. Hiyo ilikuwa kwa baba mkwe, lakini mama yako amelelewa karibu na mambo hayo, amekuwa mkamwana yeye mwenyewe, pengine amejikunja miaka na miaka mbele ya wakwe, miguu ndani, macho chini. Kisha usiku anaamka na jicho moja zima anakuta mkamwana wake amenyoosha miguu na mwanae anaikanda. Kinachouma hapo kinaweza kuwa hasira, na kinaweza kuwa ni kwamba yeye miguu yake hakuna aliyewahi kuikanda. Mi siwezi kukwambia ni kipi. Na kwa umri wake mguso wa mke na mume ni wa chumbani, kuukuta sebuleni ni kama amefungua mlango usio wake, labda ndo maana alipita bila kusema.

Pia ile kona ya L inaelekea wapi? Nauliza kwa maana. Mkeo ni mtu wa pwani, anajua kwamba hata kwao ambako watu wanajilaza, nyayo hazielekezwi kwa mtu mzima, na wenye ndugu Muscat wanajua kule linaangaliwa zaidi. Kama akijilaza kwenye kona yake nyayo zinaangalia pale mama anapokaa, basi mama anaona nyayo kila jioni bila mtu yeyote kukusudia. Kuhamisha mto upande wa pili, kichwa kije kwa mama na miguu iende ukutani, inaweza ikapunguza mengi, na mkeo atakuwa bado amelala kwenye sofa lake.

Umeniuliza njia tatu. Ya kwanza, mkeo avumilie akae wima mpaka mama aondoke. Inawezekana, watu wanafanya, yeye mwenyewe ameniambia kupitia kwako kwamba kwenu anakaa kama sanamu. Ila ukimwambia kwa kauli ile ya heshima kama ulivyofanya atakaa vizuri na moyo utakuwa umeshahama, na dawa ya jicho ataendelea kuiweka huku kinywa kimefungwa. Kukitokea haja ya kumwomba, mwombe kwa maneno yako. Usiseme mama anasema, wala shangazi anasema, sema mimi naona aibu, sijui nifanyeje, nisaidie. Hapo anaweza akakuelewa, au akakasirika tu, jiandae kwa yote mawili.

Ya pili, kumwambia mama hapa ni kwangu ndo tunavyoishi. Ni kweli ni kwako. Lakini mama anayekaa ukingoni akisikia hivyo atasikia neno moja tu, ondoka, na kesho yake atakuwa kwenye basi na lile jicho. Hili ndo linanitia hofu kuliko yote kwenye barua yako. Zaidi ya kilomita 800 mpaka Tukuyu, kurudi tena mwakani si lazima itokee, nauli, mvua, mazao, mengine hutajua. Mengine yote mnaweza kuyazungumza polepole ila hilo la tarehe ya jicho mi ningelishughulikia kwanza, hata kwa kumpigia magoti.

Kochi la chumbani silikatai. Kumkanda mkeo chumbani kwa wiki kadhaa mama akiwepo si kushindwa, na miguu itapona vile vile. Ila mkihamia huko kila usiku, mama atabaki sebuleni na tivii anayoiona kwa jicho moja, anawasikia mnacheka nyuma ya mlango. Anaweza akapumua, akaona afadhali. Anaweza pia akaona ndo ameshafukuzwa kabisa. Nikiangalia hiyo hela, najiuliza kama fundi huyo huyo wa Keko hawezi kukutengenezea kiti kimoja tu, cha mikono, kigumu kidogo, mama akikaa miguu inafika chini na akishika mikono ya kiti ananyanyuka mwenyewe. Kikae karibu kabisa na sofa, mahali anapofikika kwa mazungumzo. Hatari yake ni aone ametengwa na sofa la watu, kwa hiyo usimletee kama zawadi ya ghafla, muulize kwanza, mpime hata urefu wa goti, aseme anataka mto wa rangi gani.

Binti yako amenigusa. Anaambiwa funga miguu, usikunje nne, na hayo mi sioni vibaya bibi kumfundisha, hata nesi akikupima presha anakwambia usikunje nne maana kipimo kinapanda. Lakini anaona mama yake anasemwa kwa kujilaza na baba yake anajilaza na bukta mbele ya bibi huyo huyo na hakuna anayeguna. Amekuuliza swali zuri kuliko yote tuliyoandika mimi na wewe, na ulikosa jibu kwa sababu jibu la haraka halipo. Kama staha mbele ya mama ni muhimu kwako, je, ni ya miguu ya mkeo peke yake? Na kama kujilaza ni haki ya mtu nyumbani kwake, kwa nini wewe uliipata bila kuiomba? Usimjibu mtoto bado, ila usilisahau.

La Pangani nalo usilione kama fimbo mkeo anayokupigia. Wewe ni mtu aliyekaa kwa adabu zote alizofundishwa na watu wakasoma maringo. Humo ndani hakuna mwingine anayejua kwa mwili wake jinsi inavyouma, labda mama sasa hivi, na mkeo sasa hivi. Mama umeshamsimulia? Msimulie jinsi mgongo ulivyouma na ulivyokuja kusikia unaitwa mwenye maringo, wala usiongeze kitu. Akicheka sawa, akinyamaza sawa.

Jumapili hii mpira ukianza usijilaze. Nenda ukakae na mama pale pale ukingoni, upunguze sauti ya tivii, umuulize, mama ukikaa hivi ni goti au ni mimi sijakukaribisha? Halafu unyamaze umsikilize, hata akikaa muda mrefu bila kujibu. Na hilo la mto kuhamia upande wa pili mwambie mkeo usiku mkiwa wawili, miguu yake ikiwa mikononi mwako.